Bi Dakika na Linki za Benchi la Meno

Wifi yangu ni mpokezi katika kliniki ya meno, na kama umewahi kuketi kwenye benchi la kliniki ya meno, unajua kwamba kazi ya mpokezi si kupokea watu. Kupokea ni rahisi. Kazi ni kuwazuia wasiondoke.

Kliniki yenyewe ni vyumba viwili tu, ghorofa ya kwanza, juu ya duka la vioo. Chumba cha nje kina mabenchi mawili yanayotazamana, meza ya wifi yangu na kabati la kadi za wagonjwa. Chumba cha ndani kina kile kiti. Katikati kuna ukuta wa mbao nyembamba, ukiugonga kwa kidole unaitikia. Mashine ya kutoboa jino ikiwashwa huko ndani, walioko nje hawaisikii kwa masikio. Wanaisikia kwa meno.

Basi zamani, kabla ya haya ninayowasimulia, watu walikuwa wanatoroka. Hakuna aliyesema anatoroka. Mtu anainuka, anajinyoosha shati, anasema, "Mama, naenda chooni mara moja." Choo kiko chini, jirani na mlango wa barabarani. Hapo umeshampoteza. Wifi yangu aliwahi kuniambia kwamba wiki moja walikwenda chooni watu kumi na mmoja, na hakurudi hata mmoja.

Linki zilianza kwa bahati tu. Siku hiyo aliketi mbele yake mwalimu mmoja wa hesabu, mtu mzima na mvi zake, magoti yanagongana. Wifi yangu alikuwa anasoma kwenye simu habari fulani kuhusu lifti: kwa nini lifti nyingi zina kioo ndani. Akamuonea huruma mwalimu, akamtumia ile linki. Namba yake si ipo kwenye kadi? Intaneti ya kliniki si ipo bure? Mwalimu akafungua, akainamisha kichwa, magoti yakatulia. Alipoitwa akaingia mwenyewe kwa miguu yake, huku anauliza, "Kumbe mtu akijitazama hahisi anangoja?" Mdomo ukawa umeshafunguliwa kwa swali, daktari akapita humohumo.

Wifi yangu hana mkono wa birika. Akionja kitu kizuri hawezi kula peke yake. Kuanzia siku hiyo akawa anaamka saa kumi na moja na nusu alfajiri, anaweka chai, anafungua simu na kuanza kuwinda. Anapenda teknolojia, biashara na mambo ya watu wa mbali: jinsi zipu inavyotengenezwa, kwa nini herufi za kibodi zimepangwa ovyo vile, watu wa kale waliotunza hesabu kwa mafundo ya nyuzi. Ana daftari la jalada gumu. Kila linki anaiandikia mistari mitatu: inahusu nini, ni ya dakika ngapi, na inamfaa nani. Hapo kwenye "inamfaa nani" ndipo utacheka. Utakuta ameandika "mwenye hasira", au "mama aliye na mtoto mapajani", au "anayejifanya haogopi".

Ana masharti mawili. La kwanza, hatumi kitu ambacho hajakisoma mpaka mwisho. La pili ni la dakika, na hapo ndipo anapoingia kaka yangu.

Kaka yangu, yaani mumewe, ni dereva mstaafu na msomaji wa polepole. Anasoma midomo ikitembea, na akifika kwenye nukta anapumzika kama aliyefika kituoni. Kila asubuhi wifi yangu humpa simu, anatazama saa ya ukutani, na kaka anasoma. Akimaliza, wifi anaandika: dakika tisa. Si dakika tisa za msomaji hodari, ni dakika tisa za kaka yangu, maana mgonjwa mwenye hofu husoma polepole hivyohivyo.

"Mke wangu ananipima kama nyama," kaka alinilalamikia siku moja.

"Na wewe mbona unakubali kuwekwa kwenye mizani?"

"Nitafanyaje? Chai yangu haimiminwi mpaka nimalize."

Kwa hiyo watu walipofika kliniki, wifi yangu alitazama foleni, akapiga hesabu ya kichwa, akasema, "Wewe mbele yako kuna wawili. Chukua ya dakika kumi na nne." Wakamwita Bi Dakika. Wengine walikuja mapema makusudi. Muuza viatu mmoja alithubutu kuuliza kama anaweza kuja kusoma bila kuwa na jino bovu.

"Njoo," Bi Dakika akamwambia, "ukiendelea na hizo peremende zako, jino litapatikana tu."

Sasa, katika kumchagulia mtu, wifi yangu baadaye alianza kuongozwa na jambo moja ambalo kila mtu angeliona jema. Alimuuliza mgonjwa, "Unafanya kazi gani?" Kisha akamtafutia kitu cha kazi yake. Mkulima wa mboga akapewa habari za umwagiliaji wa matone. Msusi akapewa habari za nywele. Nani angeona ubaya hapo?

Ubaya ulianza na mama mmoja mfugaji wa kuku. Alipewa ya dakika kumi kuhusu mashine ya kutotolea vifaranga kwa joto la taa, ambayo mtu anaweza kujitengenezea. Dakika ya saba akainuka. Hakusema anaenda chooni. Alisema, "Nina taa mbili nyumbani," akaondoka na jino lake. Wiki mbili baadaye msusi naye akashuka ngazi simu ikiwa sikioni, anaagiza bidhaa. Wifi yangu akacheka tu. Alidhani ni vituko.

Halafu akaja fundi seremala.

Fundi huyu alikuwa na jino la nyuma limeoza mpaka kwenye mzizi. Alikuwa anang'olewa siku hiyo, hakuna mjadala. Bi Dakika akampa ya dakika kumi na mbili kuhusu karakana moja ndogo inayotengeneza ngazi za nyumba nyembamba, kila kidato ni droo: unavuta kidato cha tatu, unatoa mashuka. Fundi alisoma akafika mwisho, akarudia mwanzo. Akatoa rula ya kukunja mfukoni, akapima hewa mbele yake. Wenzake kwenye benchi wakasogeza miguu. Kisha akaweka kalamu sikioni, akatoka kama mtu aliyeitwa jina lake barabarani.

Alirudi siku ya tisa. Shavu limevimba, jicho la upande huo limebaki ufa tu, na homa juu.

"Bi Dakika," akasema kwa upande mmoja wa mdomo, "ngazi imekubali. Jino ndilo limekataa."

Yeye alikuwa anatania. Wifi yangu hakucheka. Fundi alilazwa siku tatu kwenye hospitali kubwa mpaka uvimbe ukashuka, na siku zote tatu wifi yangu alikwenda kumtazama na chupa ya uji. Fundi anamuonyesha picha za ngazi, droo zimefunguliwa zote, naye anatazama shavu.

Daktari mwenye kliniki alimwita wifi yangu siku fundi alipolazwa. Ni mtu mpole, mrefu, mikono safi kupita kiasi, na akikasirika sauti yake inashuka badala ya kupanda.

"Mama, hapa tunatibu nini?"

"Meno, daktari."

"Nilidhani labda tumeongeza huduma mimi nikiwa ndani."

Wifi yangu akalifunga daftari lake.

"Watatu wameondoka na meno yao. Wa kwanza nilicheka. Huyu wa leo angeweza kufa, mama. Sitaki tena linki kwenye benchi langu. Watakaa kama watu wanavyokaa."

"Sawa, daktari."

Hakubisha, na mimi nilipomuuliza kwa nini hakubisha, aliniambia, "Wifi, ningebisha nini? Nilimpa mtu kitu kizuri kikamlaza hospitali."

Daktari akaweka televisheni ukutani. Ilionyesha matangazo ya sabuni na watu wanaocheka wakiwa na meno meupe, jambo ambalo kwa mtu mwenye maumivu ni kama tusi. Mashine ikianza kulia, mtu wa benchi anaongeza sauti ya televisheni. Daktari naye ndani anapaza sauti, "Fungua zaidi," na anayeitikia ni mtu wa nje. Na chooni watu wakaanza kwenda tena. Wiki ya kwanza sita, ya pili tisa. Kila jioni Bi Dakika aliweka kadi za waliopotea juu ya meza ya daktari, kama kazi yake inavyotaka, akaaga, akashuka.

Kusoma, hata hivyo, hakuacha. Mtu aliyezoea kugawa, ukimnyima wa kumgawia, ni kama maziwa jikoni: yatafurika. Yakatufurikia sisi. Siku moja nilihesabu linki kumi na nne kwenye simu yangu, mojawapo kuhusu namna meli zinavyooshwa tumbo. Nikampigia kaka.

"Kaka, mwambie mkeo mimi sina meli."

"Afadhali wewe unatumiwa tu," akanijibu. "Mimi napimwa zote."

Lakini katika zile wiki wifi yangu alikuwa anatafuta kosa. Alilipitia daftari lake mstari kwa mstari: nani alipewa nini, nani aliingia, nani aliondoka. Walioingia walikuwa wengi mno, mamia. Mwalimu na lifti aliingia. Muuza viatu aliyepewa habari za mafundo ya nyuzi aliingia. Askari wa zamu aliyepewa zipu aliingia. Walioondoka ni watatu tu, na wote watatu walikuwa wamepewa kazi yao wenyewe.

Alinipigia saa ya chakula cha mchana. "Wifi, nimeliona. Mtu ukimpa kazi yake, unamwamsha. Na mimi pale sitakiwi kuamsha mtu. Natakiwa kumkalisha."

"Sasa umwambie daktari."

"Nimwambie nini? Aliyeumia ameshaumia."

Ikabaki hivyo. Mpaka jino la daktari.

Wahenga walisema mganga hajigangi. Daktari alikuwa anatafuna upande mmoja tangu mwezi uliopita, akidhani hakuna anayemuona. Msaidizi wake alimuona. Huyo msaidizi ni binti aliyesomea udaktari, amemaliza chuo juzijuzi, wagonjwa wanamwita Daktari Mdogo, na hana utani na jino. Alimtazama mdomoni, akamwambia, "Hili linatoka Jumatano saa sita. Usile sana asubuhi." Kama anavyowaambia wote.

Jumatano saa sita kasorobo daktari akaja upande wa nje, bila koti lake jeupe, akaketi kwenye benchi. Benchi lilikuwa tupu. Akaizima televisheni mwenyewe. Ndani Daktari Mdogo alikuwa bado na mama mmoja, na mashine ikaanza kulia. Daktari amekaa na sauti ile miaka ishirini, lakini akiwa upande wa mkono. Upande wa sikio alikuwa mgeni kabisa.

"Mama," akasema.

"Daktari."

"Huyo aliyeko ndani atachukua muda gani?"

"Wewe ndiye unayejua. Anazibwa meno mawili."

Daktari akapiga hesabu. Uso ukaonyesha kwamba jibu halikumpendeza. Mashine ikapanda sauti, ikashuka, ikapanda tena. Akainuka, akajinyoosha shati.

"Naenda chooni mara moja."

Wifi yangu akainua macho kutoka kwenye kadi, akamtazama tu. Daktari akasikia alichokisema. Akarudi kuketi, mikono katikati ya magoti.

"Una ya robo saa?" akauliza, akitazama sakafu.

"Nilikatazwa."

"Na nani?"

"Na mkubwa mmoja wa hapa. Mkali kidogo."

"Alikuwa na sababu zake."

"Alikuwa nazo," wifi yangu akasema. "Na mimi sikubisha. Ila kosa lenyewe nimeshalijua, daktari, ukitaka kulisikia." Akamweleza habari za daftari, za mamia walioingia na watatu walioondoka. "Mtu akiwa anangoja, apewe kazi ya mwenzake. Ya kwake aipate akitoka, pamba ikiwa mdomoni, jino likiwa kwenye sahani. Hapo akikimbia, akimbie na baraka zetu."

Daktari akaitikia kwa kichwa polepole. Mashine ikapanda.

"Basi nipe ya mwenzangu," akasema.

Bi Dakika akafungua daftari. Akamtumia ya dakika kumi na tano kuhusu wafumaji wa nguo wa zamani, jinsi walivyoongoza mitambo yao kwa kadi zenye matundu, na jinsi kadi zile zilivyokuja kuwapa watu wazo la kompyuta.

Daktari akafungua, akasoma kichwa cha habari. "Matundu hata huku?"

"Hayo hayazibwi. Soma."

Akasoma. Mashine ililia weee, yeye anasoma. Mama wa mawili akatoka, akaaga, hakuitikiwa. Daktari Mdogo akatokeza mlangoni, glavu mikononi, akasema, "Karibu." Mwenye kliniki, mbele ya macho ya wifi yangu, akainua kidole kimoja juu bila kutazama.

"Dakika mbili."

"Ganzi iko tayari," Daktari Mdogo akasema.

"Nimefika kwenye kadi."

"Bibi yangu wa miaka themanini hakunisumbua hivi."

Wifi yangu akaona huyu akiachwa atatia aibu mji mzima. "Ingia, daktari," akamwambia kwa upole. "Itakungoja. Linki haina miguu ya kukimbia."

Akaingia. Akatoka baada ya nusu saa, shavu moja limelala, pamba imemjaa. Kusema hawezi. Akachukua karatasi ya dawa mezani, akaandika kwa herufi kubwa ili pasiwe na ubishi: ANZA KESHO. AKITOROKA MMOJA, BASI.

Kesho yake nilikuwa na jino la kusafishwa, kwa hiyo haya mengine niliyaona kwa macho yangu.

Tulikuwa watano kwenye benchi. Televisheni imezimwa. Bi Dakika anauliza kila mtu kazi yake, kisha anampa ya mbali nayo kadiri inavyowezekana. Mimi fundi cherehani nikapewa nyuki. Jamaa wa stoo ya saruji akapewa kengele za zamani. Mwisho alikuwa msichana mmoja, miaka kama ishirini na mbili, ameshika mkoba mapajani kwa mikono miwili.

"Unafanya kazi gani, mwanangu?"

"Sina kazi, mama."

Wifi yangu akatazama foleni, akatazama daftari. Ya dakika kumi na mbili ilikuwa moja tu iliyobaki: kina mama watatu wanaookota miavuli iliyovunjika, wanabandua kitambaa, wanashona mifuko ya sokoni isiyopitisha maji. Ukiniondoa mimi na cherehani yangu, haikuwa kazi ya mtu yeyote pale. Akaituma.

Alipokwisha kuituma ndipo nilipomuona akishika shavu. Nadhani mimi na yeye tulifikiri jambo moja kwa wakati mmoja. Mtu asiye na kazi, kazi gani si yake?

Msichana alisoma ameinama. Dakika ya tano akakaa wima. Ya nane akafunga simu, akainuka, akatazama mlango. Bi Dakika akamuita, "Mwanangu," lakini kwa sauti ndogo mno, na msichana alikuwa ameshashika kitasa. Akatoka. Tukasikia viatu vyake vikishuka ngazi.

Wifi yangu hakunitazama. Aliivuta kadi ya msichana, akaiweka peke yake pembeni mwa meza, pale zinapowekwa za waliopotea, akaning'iniza kalamu juu yake asiiandike. Yule wa saruji akanong'ona, "Ameenda chooni?" Mimi nikajitia kusoma habari za nyuki wangu.

Mlango wa ndani ukafunguka. Alikuwa daktari mwenyewe, koti jeupe, shavu bado limejaa kidogo. Akataja jina la msichana. Akatazama benchi, akatuhesabu. Akatazama kadi iliyolala pembeni.

"Yuko wapi?"

"Anakuja," wifi yangu akasema.

"Amekwenda wapi?"

"Sijui, daktari. Lakini anakuja."

Alisema hivyo, na mimi niliyemjua miaka thelathini sikujua kama anadanganya au anaomba. Daktari akaegemea mlango, akakunja mikono. Akawa anangoja. Sote tukawa tunangoja, bila linki.

Viatu vikasikika vinapanda. Vilikuja kwa kasi, vidato viwili viwili. Msichana akaingia anahema, simu mkononi.

"Samahani, mama. Humu simu haishiki vizuri. Nilikuwa namwambia dada yangu asitupe ule mwavuli." Akamuona daktari. "Ni zamu yangu?"

"Ni zamu yako," daktari akasema.

"Kung'olewa kunauma kweli?"

"Kidogo. Jana nimetolewa mimi."

Msichana akampa Bi Dakika mkoba amshikie, akapiga moyo konde, akaingia. Wifi yangu akairudisha kadi katikati ya meza, akaishika kwa kiganja kana kwamba upepo ungeichukua.

Daktari alikuwa ameanza kufunga mlango. Akasita, akarudisha kichwa nje.

"Mama, miavuli gani?"

"Mtibu mwenzio kwanza, daktari," Bi Dakika akamwambia. "Ni ya dakika kumi na mbili, na wewe huna hizo."